Muulize Mjomba: Kijito kizuri, ila usilale mlangoni kwake

Haya wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za kulala kwenye hema msituni, milimani, kando ya kijito, nikasema mwenye swali alete. Jamani mmeleta. Yaliyojirudia nimeyaunganisha, mengine siwezi kuyachapa hapa (wewe uliyeuliza kuhusu fungate kwenye hema moja na wakwe, mwanangu tafuta hema la pili, hakuna jibu lingine). Twende.

Shikamoo Mjomba. Mimi na mke wangu tunaenda kambi moja ya mlimani, kuna kijito kinapita katikati ya msitu. Ndoto yake ni kufungua zipu ya hema asubuhi, anyooshe mguu uguse maji. Pa kuweka hema unachagua mwenyewe. Niweke karibu kiasi gani? (Mume Mtiifu)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumsikiliza mkeo, ila kwa hili mwambie Mjomba kakataa. Hatua themanini. Mita 60 kutoka ukingoni ndo umbali unaoshauriwa sana kwenye mambo ya kambi, na mtu mzima akitembea kawaida ni kama hatua sabini mpaka themanini hivi. Kama wenye kambi wametenga sehemu zao za mahema basi fuata zao, lakini ukiachiwa uchague mwenyewe, hesabu hatua.

Najua utasema mbona mbali. Ngoja nikupe kisa. Enzi hizo bado nina nywele, tulifika kambini jioni tumechoka hoi, tukaona kipande cha mchanga tambarare pale pale ukingoni, laini, yani kama kimeandaliwa kwa ajili yetu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kimekuwaje tambarare hivo. Tukafunga hema, tukala, tukalala na sauti ya maji masikioni, raha tupu. Mvua hata tone halikudondoka. Saa tisa usiku nikashikwa na haja ndogo, nikateremsha mguu nje kutafuta ndala, mguu ukaingia kwenye maji. Nikawasha tochi. Ndala moja inaelea mlangoni, inazunguka taratibu kama mgeni anayeona aibu kupiga hodi. Ya pili mpaka leo sijaiona. Kumbe mvua ilikuwa inanyesha juu huko mlimani wakati sisi huku tunaangalia nyota. Tulihama gizani tunaburuza hema na vigingi vyake, na jamaa yangu mmoja akawa anacheka tu, kile kicheko cha uoga ambacho mtu hawezi kukizuia.

Ule mchanga aliyeutandika ni mto wenyewe, na mto ukitandika mahali ujue huwa unapatumia. Kwahiyo ukifika, kabla hujashusha mzigo, zunguka kwanza uangalie. Vijiti na majani makavu vilivyonasa kwenye vichaka, ukivikuta usawa wa kiuno chako basi elewa maji yaliwahi kukufika kiunoni hapo. Nyasi zote zimelalia upande mmoja, hiyo nayo. Magogo yamekaa sehemu ambayo hakuna mti wa karibu, jiulize nani kayaleta. Na usidharau kina: maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanasukuma gari dogo, hema hata usiniulize. Ukiona kijito kimebadilika rangi ghafla kikawa cha tope, au takataka zimeanza kupita kwa wingi, au ile sauti uliyoizoea imekuwa nzito, hapo usikusanye vyombo, kusanya watu, na mpande ubavuni mwa bonde, msikimbie kufuata bonde kwenda chini maana huko maji nayo yanaelekea na yana mbio kuliko nyie.

Kuna na baridi. Usiku hewa ya baridi ni nzito, inateremka toka juu ya mlima kama maji vile, inajikusanya bondeni, yani pale pale kwenye kijito. Ukipanda kidogo tu ubavuni unaisikia tofauti usoni. Ila usipande mpaka kileleni ukakuta upepo na radi, tafuta katikati.

Afu kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, inua kichwa. Mti uliokufa bado umesimama, tawi limekatika limening'inia kwa mwenzake, hapo hama, hata kama pana kivuli kizuri. Watu tunakagua chini sana, oh kuna jiwe, oh kuna sisimizi, na kinachoua kipo juu.

Mkeo asubuhi atatembea hatua zake themanini na kikombe mkononi, atakaa kwenye jiwe, atanyoosha mguu. Na ndala atakuwa nazo zote mbili.

Mjomba nimenunua hema jipya, muuzaji kaniapia halipitishi maji. Usiku wa kwanza mvua hamna kabisa, asubuhi dari lote ndani ni matone, yananidondokea usoni, mpaka mfuko wa kulalia umelowa. Nilirudishe? (Nimeibiwa)

Hujaibiwa, umejipumulia. Pumzi yako ina mvuke, jasho lako lina mvuke, zile nguo mbichi ulizozirundika miguuni nazo hivyo hivyo, na kwa vile kulikuwa na baridi ukafunga kila zipu (nakuona kabisa). Sasa ule mvuke unapanda juu unakutana na kitambaa ambacho nje kimepigwa na baridi, unageuka maji, kama vile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Na ukiwa karibu na kijito hewa yenyewe tayari ina unyevu mwingi, kwahiyo inazidi.

Dawa ni kufungua. Vile vidirisha vya juu havikuwekwa kwa urembo. Mlango acha wavu umefungwa lakini zipu ya nje iache wazi kwa juu. Ndio, utasikia ubaridi zaidi, ila baridi kavu inavumilika kuliko kulala kwenye majimaji. Lile turubai la nje livute kamba zake likaze, lisigusane na la ndani, pale yanapogusana ndo maji yanapopitia. Usipikie ndani. Nguo mbichi zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mi huwa nalala na kitambaa kidogo karibu na kichwa, nikiamka kabla hata sijakaa nalipangusa dari, maana ukikaa tu na kichwa kikagusa, mvua yote inakushukia shingoni.

Kama bado una wasiwasi na muuzaji, lifunge nje ya nyumba mchana, limwagie maji ya bomba dakika kumi, wewe usiwe ndani. Likilowa ndani hapo, haya sasa karudishe, na ugomvi juu.

Habari Mjomba. Maji ya kijito tulichoenda ni masafi mpaka unaona kokoto moja moja chini, yanatoka mlimani na huko juu hakuna hata nyumba. Shemeji yangu kakazana tuchemshe, mi naona ni kumaliza gesi tu. Nani yuko sahihi? (Mnywaji wa Asili)

Shemeji yako, na umuombe radhi.

Maji kuwa meupe maana yake hayana tope, basi. Huko juu hakuna nyumba lakini wanyama wapo, na wanyama hawana choo, na pengine juu yenu kuna kambi nyingine ya watu ambao choo hawajui pa kukichimba (nitawafikia). Kuna kijidudu kinaitwa giadia, kinatoka kwenye kinyesi cha watu na cha wanyama, baridi ya maji ya mlimani haikisumbui hata kidogo, na ubaya wake hakikukamati siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni wiki moja mpaka mbili baadae, ushasharudi kazini, kijito umeshakisahau, tumbo linaanza kujaa gesi, unaharisha choo cha mafuta mafuta chenye harufu ambayo na wewe mwenyewe inakushangaza, unakilaumu chakula cha jana. Ndo maana kila kambi ina mtu wa kusema "mi nilikunywa na wala sikuumwa". Pengine aliumwa, ila hakuunganisha.

Kuchemsha ni hivi: yakishatokota kwa nguvu hesabu dakika 1 nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000 fanya dakika 3, kwasababu kule maji yanatokota kabla hayajafika nyuzi 100, kila mita 300 unazopanda inapungua kama nyuzi 1 hivi. Ndo hiyo hiyo inayofanya maharage yagome kuiva mlimani, wala mpishi hana kosa. Chujio nalo linasaidia, lile lenye matundu ya maikroni 1 (yani milimita moja ukiigawa mara elfu) au pungufu linazuia giadia, ila virusi ni vidogo mno vinapenya vingi. Vidonge vya klorini ni vizuri kubeba kwa dharura lakini kuna kidudu kingine, kriptosporidiamu, kina gamba gumu, klorini haikiwezi. Kuchemsha kunawamaliza wote hao. Teka pale maji yanapokimbia, siyo kwenye kidimbwi kilichosimama, na kama yana tope yaache yatulie kwanza uyapitishe kwenye kitambaa. Maji ya kupigia mswaki nayo yachemshwe, hapo ndo wengi mnajisahau.

Mjomba mfuko wangu wa kulalia umeandikwa nyuzi 5. Usiku ilikuwa nyuzi 7, nilipima na kipimajoto kabisa, na nikatetemeka mpaka asubuhi, hasa mgongo na makalio. Hii kampuni si inadanganya? (Dada Barafu)

Pole sana dada. Jibu umeshaliandika mwenyewe lakini tuanze na hiyo namba.

Soma tena lebo, ile ndogo ya ndani, siyo maandishi makubwa ya nje. Mifuko iliyopimwa kwa kipimo cha kimataifa ina namba tatu: ya starehe, ya kikomo na ya hatari. Ya starehe inakadiriwa kwa mwanamke, ya kikomo kwa mwanaume, na ya hatari maana yake ni kwamba utaweza kuumaliza usiku bila kufa, kulala hawajakuahidi. Sasa wauzaji wengi nje wanaandika ile ya kikomo. Kama hiyo 5 yako ni ya kikomo basi ya starehe yako inaweza kuwa 9 au 10, na wewe ulikuwa kwenye 7. Hawajadanganya, wamekuwekea ukweli mahali ambapo hutaangalia, ambayo kwangu mimi ni kitu kile kile.

Haya, mgongo na makalio. Mfuko unakupa joto kwasababu ya hewa iliyofungwa ndani ya manyoya au pamba yake. Ukiulalia unaibana, hewa inatoka, chini yako panabaki kitambaa tu na ardhi, na ardhi ya msituni inanyonya joto usiku kucha bila kushiba. Kwahiyo cha kulalia chini ni muhimu sawa na cha kujifunika, na mimi nikilazimishwa kuchagua pa kuwekea hela natanguliza cha chini. Lile godoro la kujaza upepo tupu, la kuogelea lile, ni baya mno, hewa inazunguka ndani inakupoza. Tafuta lenye alama ya R na namba mbele yake, namba ikiwa kubwa linakinga zaidi: kwenye usiku wa joto namba 2 inatosha, ikikaribia kuganda tafuta 4 kwenda juu. Na uzuri wake namba zinajumlishwa, ukitandika la sponji chini na la upepo juu yake unahesabu zote mbili.

Halafu usiamini utabiri wa hali ya hewa wa mji wa chini. Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6.5. Mji upo mita 500 wanakwambia usiku nyuzi 18, kambi ipo mita 2,500, piga hesabu: nyuzi 13 zimekwenda, umebaki na 5.

Mengine ni tabia tu. Kula kabla ya kulala, tumbo tupu halipashi. Soksi za kulalia ziwe zake peke yake, zisitoke nje ya mfuko. Vaa kofia, ila usizamishe uso ndani ya mfuko maana pumzi itaulowesha (kamuulize Nimeibiwa hapo juu). Chupa ya maji ya moto yenye kifuniko cha uhakika, weka katikati ya mapaja. Na haja ndogo ikikubana nenda, usijikunyate pale masaa mawili unaihesabia, hutapata usingizi na utaenda tu.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa mwenzio: mtu anatetemeka, sawa, mwili unapambana. Akiacha kutetemeka wakati bado kuna baridi, akawa anaongea kama mlevi na hawezi hata kufunga kifungo, hapo siyo kwamba kapata nafuu, hapo ni hatari, mvue vilivyolowa, mfunike, mpashe joto taratibu na mtafute msaada.

Mjomba mimi nina watoto wadogo. Tukishapika, makaa yanayobaki hayana moshi tena. Naweza kuingiza jiko ndani ya hema lipashe joto wakati watoto wanalala? Nitaacha dirisha wazi. (Mama wa Watatu)

Hapana mama. Na dirisha wazi hapana, na dakika kumi tu hapana.

Makaa yasiyo na moshi ndo mabaya zaidi maana hayakushtui. Yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi, haiwashi macho, inaingia kwenye damu inakaa pale oksijeni inapotakiwa kukaa. Mtu kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu, anasinzia, sasa mtu akisinzia usiku kwenye hema nani atamshangaa? Familia nzima zimeshakutwa asubuhi zimelala hazijaamka. Jiko la gesi ndani ya hema hivyo hivyo. Na jiko la mkaa hata likionekana limezimika liache nje mbali na mlango, linaendelea kutoa hiyo hewa muda mrefu. Watoto walale katikati yenu na chupa zao za maji ya moto, inatosha kabisa.

Kwa moto wa nje: mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza nyuma ya kiganja karibu na majivu. Ukisikia joto, moto bado upo. Na mawe ya kuzungushia moto msiokote kijitoni, yamenyonya maji, yakipata moto mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linapasuka vipande vinaruka usoni.

Kijito chenyewe kina cha magoti tu. Watoto wanaweza kucheza wenyewe wakati sisi tunapika? (Mama wa Watatu tena)

Mama leo umenishika. Hapana tena.

Siyo kina tu. Mawe ya kijito yana ule utelezi wa kijani, mtoto akianguka akajigonga kichwa, maji ya magoti yanamtosha. Lakini kilichonitisha mimi ni sauti. Niliwahi kusimama hatua kumi na tano tu kutoka kwa mpwa wangu, yeye yupo kwenye jiwe katikati ya kijito, namuona mdomo unafunguka na kufumba, mikono juu, nikadhani anaimba. Alikuwa ananiita, mguu umenasa kati ya mawe mawili, na mimi nampungia mkono. Maji yalikuwa yameimeza sauti yote. Tangu siku hiyo kila mtoto ninayemchukua namvalisha filimbi shingoni, na sheria ni moja: ukipata shida puliza mara tatu, pumzika, tatu tena. Mara tatu ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana sehemu nyingi, hata mgeni wa kambi ya jirani anaweza kukuelewa. Na mtu mzima mmoja anakaa kwenye maji, kazi yake ni hiyo tu, asiwe anamenya kitu wala hana simu mkononi.

Mjomba naona aibu kuuliza. Kambi haina choo. Inakuwaje? (Usinitaje)

Sijakutaja. Hatua zetu themanini zile zile, mbali na kijito, mbali na njia, mbali na mahema. Chimba shimo la kina cha sentimita 15 mpaka 20, hapo kwenye udongo mweusi ndo kuna wadudu wa kuozesha, ukienda chini sana hakuozi haraka. Maliza, fukia kwa udongo ule ule, weka jani au jiwe juu. Karatasi bora uifunge kwenye mfuko uondoke nayo, pedi na nepi hizo hazizikwi kabisa, wanyama wanazifukua. Kama kambi ina sheria ya kubeba kila kitu, basi unabeba, ndio, hata hicho.

Na sabuni, hata ile iliyoandikwa ya asili inayooza yenyewe, isiingie kijitoni. Jaza ndoo, nenda pembeni, koga huko, maji machafu mwaga kwenye udongo. Vyombo pia.

Kupe wanang'oka vipi? Wengine wanasema mafuta, wengine kiberiti. (Nimejikuna)

Kibano chenye ncha nyembamba, mkamate karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu taratibu bila kuzungusha, osha kwa sabuni. Mafuta na kiberiti achana navyo, unamchokoza tu anakutapikia ndani. Ukipata homa au vipele wiki zinazofuata nenda hospitali na useme ulikuwa msituni. Ruba yeye ni rahisi, pitisha ukucha pembeni ya mdomo wake umsukume, anaachia. Damu itatoka muda mrefu, usiogope, mate yake yanazuia isigande.

Chakula nilale nacho ndani ya hema kisiibiwe? (Mwenye Bajeti)

Mwizi wa huko ana pua kuliko wewe, na akikitaka atapita ukutani siyo mlangoni. Chakula, takataka na hata dawa ya meno viwe kwenye gari lililofungwa au kwenye sanduku la chakula la kambi, au vining'inie juu ya tawi mbali na hema na mbali na shina. Bajeti ya hema jipya hutaiweza.

Mjomba, spika ya bluututhi ni ushamba kambini? Maana naona watu wananikata jicho. (DJ Msituni)

Unalijua jibu.

Tumeondoka asubuhi na mvua, nimelikunja hema likiwa bichi nikalitupa stoo. Leo ni siku ya nne, litakuwa na shida? (Mvivu Kidogo)

Simama, acha kusoma, kalitoe. Siku ya nne kitambaa kilichokunjwa kibichi kinaweza kuwa na ukungu tayari, vile vidoa vyeusi ambavyo havitoki na harufu ya chini ya sinki. Litandaze kivulini penye upepo, jua kali linakula kitambaa. Fungua na mifuko ya vigingi, kamba, kila kitu. Pale penye vidoa sugua kwa sponji na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, siyo brashi, siyo dawa ya kuondoa madoa, na mashine ya kufulia usiisogelee. Likauke mpaka mishono, hiyo huwa ya mwisho kukauka, ipime kwa kuibana na vidole viwili. Kisha usilikunje likabana, lisokomeze tu kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa unaopitisha hewa.